Bajeti ya Afya Ikikatwa Kenya, Nani Hulipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mwaka. Huanza Juni, Waziri wa Fedha anapoinua mkoba wa bajeti mbele ya kamera, na huwa makali zaidi miezi michache baadaye, bajeti ya ziada inapopunguza kimyakimya kilichoahidiwa. Majibu yanahusu Kenya, kuanzia Hazina ya Kitaifa hadi zahanati ya kijijini, pamoja na huduma za jamii zinazotegemea mfuko huohuo.

Nasikia bajeti ya afya inaongezeka. Mbona zahanati yetu haina dawa?

Kwa sababu kiasi kinachosomwa bungeni si kile kinachofika kwenye akaunti ya hospitali. Bajeti ikishapitishwa, huweza kupunguzwa kwa bajeti ya ziada, ambayo Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu na ambayo siku hizi huja mara mbili, hata tatu, kwa mwaka mmoja wa kifedha. Kinachobaki hutolewa kwa mafungu, na fungu la Oktoba linaweza kuingia Januari. Likiingia, msambazaji aliyekopesha glavu na maji ya dripu mwaka jana tayari anadai chake. Unakuta hospitali imepokea pesa na bado haina cha kununulia dawa za wiki hii.

Ndiyo maana ukisikia mwanasiasa akitaja mabilioni "yaliyotengwa", muulize yaliyotolewa ni mangapi na yalitolewa lini. Kwa mwaka wa kifedha wa 2025/26, serikali ya kitaifa ilitenga shilingi bilioni 138.1 kwa afya katika bajeti ya takriban trilioni 4.29. Hiyo ni kama shilingi tatu na senti kidogo katika kila mia. Ni kweli kaunti nazo huweka zao, na si kidogo, lakini hata ukijumlisha zote bado tuko mbali na asilimia 15 ambazo viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja mwaka 2001.

Tena bajeti inaweza kubaki ileile kwa tarakimu na bado ikawa imepungua. Bei ya dawa imepanda, watoto wamezaliwa, na shilingi ni ileile.

Kwa nini mara nyingi kisu kinaangukia afya na huduma za jamii?

Kwa sababu mafungu mengine yamefungwa kwa sheria. Deni la taifa hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko wa Jumla, yaani akaunti kuu inayopokea mapato ya serikali, kabla ya wizara yoyote kupata chake, na kwa miaka ya karibuni limekuwa likimeza zaidi ya nusu ya mapato ya kawaida ya serikali. Pensheni nazo hulipwa hapohapo. Mishahara haiguswi kirahisi, maana wafanyakazi wakikosa kulipwa watagoma. Kinachobaki kukatwa ni pesa za uendeshaji na za maendeleo.

Maneno hayo yanasikika kama ya mhasibu tu, kwa hiyo hebu tuingie ndani ya kituo cha afya kimoja. Pesa za uendeshaji ni mafuta ya ambulensi, na bili ya umeme au mtungi wa gesi unaoendesha friji ya chanjo. Ni dawa za maabara, uzi wa kushonea kidonda, sabuni, na kibarua anayefyeka nyasi na kuchoma taka. Wauguzi watakuwepo, wamelipwa, wamevaa sare. Watapima joto la mwili, watakuandikia karatasi, kisha watakuelekeza kemisti iliyo ng'ambo ya barabara. Kituo hakijafungwa, na katika takwimu za wizara kinahesabika kuwa kinafanya kazi.

Kukataliwa kwa Mswada wa Fedha wa 2024 ndiko kulikosababisha haya?

Hapana, ingawa kuna wanaopenda kutuambia hivyo. Mswada ule wa kodi ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2024 na mauaji yaliyofuata, Rais Ruto alikataa kuutia saini. Julai 5 akatangaza kwamba pengo lingezibwa kwa kupunguza matumizi ya bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Kaunti, ambazo zilikuwa zimegawiwa bilioni 400.1, ziliishia kupata bilioni 387.4 baada ya Bunge la Kitaifa na Seneti kuvutana hadi mwisho wa mwaka. Na kumbuka ni kaunti zinazoendesha zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi unazozijua. Serikali ya kitaifa imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa kama Kenyatta.

Lakini kabla ya vijana kuingia barabarani, madaktari walikuwa wameshagoma, KEMSA, mamlaka ya kitaifa inayosambaza dawa, ilikuwa inadai kaunti mabilioni, na NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ilikuwa na malimbikizo ya madeni ya hospitali. Kuwatupia lawama zote walioukataa mswada ni kusahau kwamba deni linalotubana lilikopwa miaka mingi kabla yao.

Mgomo wa madaktari wa 2024 ulihusianaje na bajeti?

Moja kwa moja. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2017, baada ya mgomo mwingine wa siku 100, uliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema uwezo wake ni shilingi 70,000. Mwanagenzi si mwanafunzi wa kutazama tu: katika hospitali nyingi za kaunti ndiye anayekesha wodini, ndiye unayemkuta saa nane za usiku. Chama cha madaktari, KMPDU, kikaitisha mgomo Machi 14, ukaisha Mei 8, siku 56. Katika muda huo wenye pesa walienda hospitali za kibinafsi, wasio nazo wakakaa nyumbani na maradhi yao. Desemba mwaka huohuo serikali ikakubali kulipa zile 206,400.

Kwa hiyo akiba iliyotafutwa haikupatikana, na kuna watu waliokosa upasuaji kwa sababu yake.

Mtoto wangu hakupata chanjo ya BCG alipozaliwa. Hilo nalo ni bajeti?

Katikati ya mwaka 2025, ndiyo. Chanjo za BCG, ile ya kifua kikuu, na polio ziliadimika nchini kwa wiki kadhaa hadi shehena mpya ilipowasili Juni. Chanjo nyingine Kenya huzinunua kwa kuchangiana na Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, lakini hizi za zamani ni za serikali kununua yenyewe, na fungu la serikali likichelewa hakuna mfadhili wa kuziba pengo.

Kuna jambo dogo ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20, na kikishachanganywa lazima kitupwe baada ya saa sita. Kwa hiyo hata chanjo ikiwepo, muuguzi wa zahanati ndogo hafungui kichupa kwa mtoto mmoja. Hukusanya watoto siku moja ya wiki. Stoki ikiwa haba anakuwa mgumu zaidi. Mama anaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi anaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo. Nauli ya bodaboda mara tatu, kwenda na kurudi, ni pesa ambayo haimo katika bajeti ya mtu yeyote ila yake.

Ikiwa mtoto wako alikosa, nenda kliniki na kijitabu chake uulize. BCG bado hutolewa baada ya wiki ya kuzaliwa, na hakuna sababu ya kungoja uitwe.

Linda Mama iko wapi? Kujifungua si bure?

Juni 1, 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma na pia ada za zahanati na vituo vya afya. Baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama na kuwekwa chini ya NHIF. Mama hakuhitaji kuchangia chochote. Kitambulisho na kadi ya kliniki vilitosha.

Oktoba 1, 2024 NHIF iliondoka, ikaingia SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima mpya. Sasa mpango unaitwa Linda Jamii, na bima hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Viwango ni vizuri kuliko vya awali, wala sitaki kuwanyima sifa waliovipanga. Tatizo ni kwamba mama lazima awe amejisajili na amelipa mchango. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiyeajiriwa hukadiriwa mapato kwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo na mifugo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Ule mpango wa kulipa polepole uliletwa baadaye, baada ya watu kulalamika kwamba muuza sukumawiki hapati pesa za mwaka mzima siku moja.

Kitu kilichokuwa kikilipwa na kodi ya wote kimehamia, kwa sehemu kubwa, kwenye mkoba wa mgonjwa. Hakuna aliyesimama bungeni akasema "tumekata Linda Mama", lakini kwa msichana mjamzito asiye na mchango matokeo ni yaleyale.

Lakini SHA si ina mfuko wa serikali?

Ina miwili. Mfuko wa Afya ya Msingi unapaswa kugharamia huduma za bure katika zahanati na vituo vya afya, na mwingine ni wa dharura, maradhi sugu na magonjwa mahututi. Yote miwili inategemea bajeti, si michango. Katika bajeti ya 2025/26 wa kwanza ulitengewa bilioni 13.1 na wa pili bilioni 8. Pesa hizo zikichelewa, huduma ya "bure" ya kijijini inakuwa bure kwa jina tu. Mfuko huo wa Afya ya Msingi ndio wa kuufuatilia kuliko yote, na ndio unaotajwa kidogo zaidi katika habari, labda kwa kuwa zahanati haina msemaji.

Hospitali inaweza kunifukuza au kunizuilia kwa kukosa pesa?

Kwa dharura, hapana. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hapo hapajatajwa bajeti wala bima. Kuhusu kuzuiliwa, mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi ya wanawake wawili waliokuwa wamefungiwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua kwa sababu ya bili, ikasema ni ukiukaji wa haki zao na kuamuru walipwe fidia. Hospitali bado hufanya hivyo, na ukweli mchungu ni kwamba hospitali ambayo SHA haijailipa kwa miezi inauona mwili wako wodini kama dhamana yake.

Ukikwama, usibishane na karani wa malipo. Omba kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayepeleka maombi ya kufutiwa au kupunguziwa bili, na watu wengi hulala siku kumi zaidi kwa kutojua kwamba ofisi yake ipo.

Dawa za ARV, za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, zitaendelea kutolewa bure?

Bado ni bure. Ila mfumo uliozifikisha kwa mgonjwa umetikiswa. Januari 20, 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na kufikia Julai 1 USAID, shirika lake la misaada, lilikuwa limefungwa. Kenya ina watu zaidi ya milioni 1.3 wanaoishi na virusi vya ukimwi, na kwa miaka ishirini Marekani ilikuwa imelipia sehemu kubwa ya dawa, vipimo na wafanyakazi wao. Washauri nasaha, makarani wa takwimu na wahudumu waliokuwa wakipiga simu kukumbusha mtu tarehe yake ya kliniki waliachishwa kazi ghafla. Kliniki maalumu zikaunganishwa na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje.

Kwa mtaalamu wa sera huo ni ujumuishaji wa huduma, na una hoja zake. Kwa mtu ambaye jirani yake anafagia korido ileile, ni kuulizwa kwa sauti "umekuja kuchukua nini?" Kuna watakaoacha kwenda kwa sababu hiyo tu.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mkataba mpya wa afya wa miaka mitano: Marekani itatoa dola bilioni 1.6, na Kenya imeahidi kuongeza yake kwa dola milioni 850. Hiyo ahadi ya Kenya itatoka kwenye bajeti ileile tunayoizungumzia.

Inua Jamii je? Wazee wanapata pesa zao?

Wanapata, kwa kuchelewa. Inua Jamii ni mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na kwa watu wenye ulemavu mkali. Kiasi hicho hakijabadilika kwa zaidi ya mwongo mmoja huku unga, mafuta ya taa na nauli vikipanda, kwa hiyo kila mwaka kinapunguzwa bila mtu kugusa sheria yoyote.

Kuchelewa kuna gharama yake. Bibi anayelea wajukuu hakai miezi mitatu akingoja, anakopa dukani. Pesa zikija kwa pamoja, mwenye duka anachukua zake kwanza, na tarehe ya malipo anaijua kuliko bibi mwenyewe.

Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba wako wapi?

Wapo, wengi wao. Septemba 25, 2023 zaidi ya 100,000 walizinduliwa Uhuru Park wakiwa na mikoba yenye mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, mizani na simu. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti. Nusu moja ikifika na nyingine isifike, mhudumu huyo bado anatarajiwa kuzunguka nyumba zake zote kwa miguu. Na vile vipande vya kupimia sukari huisha. Visipojazwa upya, kipimo kinabaki cha mapambo, na ziara inabaki ya salamu.

Nani anaumia zaidi?

Wanawake, na si kwa sababu ya uzazi pekee. Wodi ikipungukiwa wauguzi, ni dada au mke anayelala sakafuni kando ya kitanda, anayemgeuza mgonjwa, anayefua shuka na kuleta uji. Mgonjwa akirudishwa nyumbani mapema, kuna binti anayeacha shule au biashara yake. Kazi hiyo haionekani kwenye kitabu chochote cha Hazina. Kisha inakuja harambee ya bili kwenye kundi la WhatsApp, ukoo mzima ukichanga, kila mtu akiuliza kwa upole imebaki ngapi.

Hivi tatizo si wizi tu? Pesa zipo, zinaibwa.

Zinaibwa, na hakuna haja ya kupunguza makali ya jambo hilo. Sakata la KEMSA la vifaa vya korona mwaka 2020 lilihusu shilingi bilioni 7.8. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wa bilioni 104.8, si mali ya serikali inayoulipia. Lakini hata wizi ukikoma kesho, deni litabaki, na mgao wa kaunti utaendelea kuchelewa. Kinachoniudhi ni vile hoja ya wizi hutumiwa na serikali yenyewe kama kisingizio: madai ya hospitali yanazuiliwa "yakikaguliwa", na hospitali safi ya mashinani inangoja pamoja na zile za walaghai.

Tulishawahi kupitia haya?

Tumepitia. Desemba 1989, chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, Kenya ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa Nairobi, idadi ya wanaume waliokuja ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, ya wanawake hadi asilimia 65, wakati ukimwi ukienea. Ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa mwaka 1990, ikarudishwa baadaye kwa sura nyingine. Tanzania nayo ilianza uchangiaji mwaka 1993. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na watu wakafurika, hasa maskini. Ila dawa hazikuongezwa kwa kasi hiyohiyo, na wengi wakaendelea kununua nje.

Angalau serikali inaokoa pesa?

Kwa mwaka mmoja, kwenye karatasi. Chukua mgonjwa wa presha. Tembe zake za mwezi ni za bei nafuu. Akizikosa zahanati, atanunua mwezi huu, ataruka ujao, na presha isiyodhibitiwa ni mojawapo ya njia kuu za kuharibu figo. SHA hulipa shilingi 10,650 kwa kila awamu ya kusafisha damu. Mara mbili kwa wiki ni 21,300, kila wiki, maisha yake yote au hadi apandikizwe figo. Na hapo sijahesabu kwamba mtu huyo hawezi tena kufanya kazi wala kulipa kodi.

Mimi mwananchi wa kawaida nifanye nini?

Jua kalenda. Kaunti hutakiwa kuwa na mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, mwongozo wa kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma hufanyika kabla ya hapo, mara nyingi kwa tangazo dogo gazetini, na wanaohudhuria ni walewale. Wafuate maafisa wa kaunti wakiwa bado wanapanga. Juni mambo huwa yameshaamuliwa. Nenda na ombi moja mahususi, kwa mfano mafuta ya ambulensi ya wadi yenu, kuliko kulalamikia afya kwa jumla. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutolewa kila robo mwaka na huonyesha kila kaunti imetumia nini. Ziko wazi kwa umma, na mwakilishi wadi wako huenda hajazisoma.

Ukitumwa kununua glavu au dawa ambazo kituo kinapaswa kuwa nazo, tunza risiti na karatasi uliyoandikiwa. Kisha andika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kwa idara ya afya ya kaunti, uulize kituo hicho kilitengewa kiasi gani robo hii, kilipokea kiasi gani na tarehe gani. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka nakala ya barua hiyo kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na tarehe uliyoiwasilisha na muhuri wa mapokezi. Bila muhuri watasema hawakuiona.